Hoja ya Kumwokoa Karani

Kuku akishanyonyolewa hubaki na vinyoya vidogo ambavyo vidole haviwezi kuvishika. Hivyo huunguzwa. Unamshika miguu kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, unampitisha juu ya mwali, unamgeuza, unampitisha tena. Harufu inayotoka ni ya nywele zilizoungua, na chini yake kuna mafuta yanayoanza kupata moto. Watu wengi huziba pua. Mimi huvuta pumzi.

Mwezi uliopita nilikuwa Ekero, kwenye hoteli ya kando ya barabara ninakosaidia jikoni tangu mvua zianze. Kazi ya kuunguza vinyoya ilikuwa ya kijana anayeitwa Salim, na Salim alikuwa na hasira. Alitaka mama mwenye hoteli amtoe kwenye manyoya amhamishie kwenye karai la kukaangia. Kila mama huyo alipopita, Salim alinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika, na mama alijibu, "Nimekusikia, baba," akaendelea na safari yake. Nikamwambia Salim aandike. Akachana kipande cha mfuko wa unga, akaandika, akaniletea.

"Salim," nikamwambia nilipomaliza kusoma, "huu ni mchuzi mtupu. Mapaja yako wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeona mama wa watu akianza kupotewa na akili. Ikabidi nimweleze habari za Karani, na nilipoanza sikuweza kuacha. Basi wacha niwaeleze na ninyi wa rika langu, hasa mliokulia nyumba ambazo kuku hakuwa chakula cha siku yoyote tu.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa msitu, mahali unapoweza kufika kwa miguu kutoka mjini Kakamega kama huna haraka. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka kwenye miti ukaja kukaa katikati ya migomba yetu, na sauti ya kwanza kuupasua ilikuwa ya jogoo. Baba yangu alikuwa katibu. Si katibu wa ofisi. Alikuwa katibu wa kamati ya josho la ng'ombe, wa kamati ya mazishi, wa kamati ya kisima, na kwa muda mfupi katibu wa wenye fahali wa kupigana, mpaka wenye fahali wawili walipopigana wao wenyewe na fahali wakabaki wakitazama. Kalamu yake ilikaa kwenye mfuko wa shati hata akienda kulima. Watu walikuja kwake wakiwa na hasira na waliondoka wakiwa na karatasi.

Desturi hiyo aliileta ndani ya nyumba. Tulikuwa watoto wengi na kila mmoja alikuwa na la kulalamikia, kwa hiyo baba aliweka sheria moja: mwenye lalamiko asilie, aandike, naye angesoma tukishakula. Alisoma kwa sauti, mbele ya wote, bila kuruka hata neno. Nadhani hilo ndilo lililopunguza malalamiko. Ni vigumu kuandika kwamba kaka yako alikupa kipande kidogo cha obusuma, ugali wetu, halafu umsikie baba akilisoma hilo kwa sauti ileile anayosomea kumbukumbu za mazishi.

Mimi nilibeba jina la mama yake baba, kwa hiyo baba aliniita Mama tangu nikiwa mchanga. Kaka na dada zangu, kwa utani, waliniita Kukhu, yaani bibi. Nilizoea. Nilikuwa na miaka tisa au kumi na tayari nilikuwa mama wa mtu mzima.

Karani nilimlea mwenyewe. Alikuwa kifaranga wa mwisho kutoka kwenye yai lake, mamaye akaondoka na wengine akamwacha. Nilimweka kwenye kikapu karibu na mafiga, nikamlisha mchwa, akakua akawa jogoo mkubwa mwekundu mwenye manyoya mpaka miguuni, kama aliyevaa suruali iliyomzidi. Jina nilimpa kwa sababu ya ua. Dada yangu mkubwa, Ayuma, alifagia ua kila asubuhi mpaka udongo ukawa laini kama ukurasa, na kabla hajaweka ufagio chini Karani alikuwa amepita akiukwaruza, mstari huku, mstari kule. "Huyu naye ni katibu," alisema Ayuma. Mimi nikasema hapana, katibu ni baba, huyu awe karani.

Siku moja tukiwa jikoni tunachambua mrenda, mama akasema bila kuinua macho kwamba Jumamosi wangekuja wageni wa Ayuma kutoka Lugari. Kijana wenyewe tulikuwa tumeshamwona. Sasa walikuwa wanakuja wazee wake kuongea na baba mambo ya mahari.

"Mutachinja nini?" nikauliza, kwa sababu mtoto husikia neno wageni akasikia nyama.

Mama akachambua majani mengine mawili matatu. "Jogoo si ni mmoja tu hapa."

Sikumaliza mrenda. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, na niliporudi baba alikuwa ameshafika na ameshaambiwa.

"Mama," akaniambia, "unalilia nini kama watoto wa watu? Andika."

Nikang'oa ukurasa katikati ya kitabu changu cha hesabu. Bado nakumbuka nilichoandika, kwa sababu hakikuwa kingi: Karani asichinjwe. Nampenda. Nampenda sana sana. Tafadhali baba. Kila neno la "sana" nililipigia mstari.

Tulipokwisha kula, baba akasogeza taa, akasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka, nadhani kwa sababu ya ile mistari. Akaiweka karatasi gotini.

"Wakwe wakiletewa bakuli la kuku," akaniuliza, "mzee wao anatafuta nini kwanza?"

"Firigisi."

Kila mtoto alijua hilo. Firigisi, imondo kwetu, ni kipande cha mwenye nyumba, au cha mgeni ambaye mwenye nyumba amemtanguliza. Wanawake hawaili. Sisi wasichana tuliiosha, tukaichuna ule utando wa njano, tukaitia sufuriani, na hapo habari zetu nayo ziliishia. Na mkwe akikoroga bakuli asiione, anaweza kuweka kijiko chini na kuuliza kuku huyu alizaliwa bila tumbo.

"Vizuri," baba akasema. "Firigisi iko. Sasa mapaja yako wapi? Na ndani ya paja kuna mfupa ama ni nyama ya kulegea? Mgongo je? Na kile kipande cha mkia, ambacho mtu akikiona anajua kuku amekwisha? Huwezi kumpa mtu firigisi moja ikielea kwa mchuzi, Mama. Nataka kuku mzima."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Nimemwandikia baba asimchinje rafiki yangu, naye amekaa chini ya taa akimkatakata mbele ya macho yangu, kipande baada ya kipande, kwa sauti ya upole, na mwisho amesema anamtaka mzima. Niliinuka nikaondoka bila kuomba ruhusa. Nilimchukia mpaka meno yakauma.

Ayuma ndiye aliyenifuata chumbani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu, akaanza kunifumua nywele kama hakuna kilichotokea.

"We Kukhu. Umekasirikia nini?"

"Amesema atamkata mgongo."

Nikahisi vidole vyake vimesimama kichwani mwangu. Halafu kitanda kikaanza kutikisika kwa kicheko alichokuwa akikizuia. "Baba hakuwa anaongea juu ya Karani. Alikuwa anaongea juu ya karatasi yako."

"Karatasi ina mgongo?"

"Yake iko nao. Umewahi kuona barua anayoandikia watu ikirudishwa?" Akanieleza, kwa kadiri alivyoelewa baada ya kumsikia baba miaka yote akiwaambia watu maneno hayo. Firigisi ni lile jambo moja unalolitaka. Mtu akikoroga karatasi yako alione upesi, asitafute. Mapaja ni sababu, kwa kuwa ndizo zinazolisimamisha. Mfupa ni kile kinachoonyesha kwamba sababu ni ya kweli na si wewe tu unayesema. Mkia ni pale unapofunga.

"Na mgongo?"

"Mgongo ni upande wa pili. Kile mwenye kukupinga atasema. Unamsemea wewe, vizuri, kama vile angesema mwenyewe, halafu unamjibu. Baba anasemanga watu wengi wanauficha wakidhani hautaulizwa."

Nililala nikiwa na furaha kubwa, na kosa kubwa pia. Nilijiambia: kumbe ni hivyo tu. Ukitia vipande vyote kwenye bakuli, mgeni lazima ale. Ukiandika karatasi ikatimia, mtu lazima akubali. Nilidhani nimefunuliwa siri ya dunia nzima.

Kesho yake nilitafuta mapaja. Sababu ya kwanza ilikuja yenyewe: Karani alituamsha, na hatukuwa na saa iliyokuwa ikitembea. Mfupa wake ulikuwa kwamba muhula ule sikuwa nimechapwa kwa kuchelewa, na mwalimu angeweza kuulizwa. Sababu ya pili ilikuwa kwamba ndiye jogoo mkubwa wa pekee kutoka kwetu mpaka mtoni, na akiondoka mayai ya kina mama wote wa upande ule yatakuwa ya kula tu. Hapo nilihitaji mfupa mkubwa. Nikaruka ua wa michongoma kwenda kwa Mama Shiundu, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mama Shiundu, nimekuja kuangalia vifaranga."

"Wa nini?"

"Nataka kuona miguu."

Aliniachia niinue mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa na manyoya miguuni, suruali ndogo ndogo. Palikuwa na hata kijogoo kilichokwisha komaa, chekundu, kikitembea kama mwenye shamba. Ungedhani ni Karani ameonekana kwa mbali.

"Huyo jogoo wenu hana mipaka," alisema Mama Shiundu, akitikisa kichwa. "Anapitanga hapa chini ya ua kila siku kama mwizi, na hata hasalimii."

Nikarudi nyumbani nikikimbia. Lakini mgongo ulinishinda. Ili niuseme upande wa pili ilibidi niujue, na sikuwa nimewahi kuuliza. Nikamwuliza mama, akiwa anapepeta mahindi, kwa nini lazima awe jogoo.

"Ukimpa mkwe kuku jike umemwambia yeye ni mtu wa kupita."

"Si tununue jogoo mwingine sokoni?"

"Na akiuliza huyu amekulia wapi? Tutasema tumemkaribisha na kuku wa njiani? Mgeni kama huyo anapewa kilicholelewa hapa bomani." Akaupumzisha ungo magotini. "Na ni siku ya Ayuma. Unataka siku ya Ayuma iharibike?"

Sikutaka. Hilo ndilo lililonitesa. Kabla ya hapo upande wa pili ulikuwa watu wenye kisu. Sasa niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, wageni wa heshima hupewa jogoo wa boma, na nilipousoma niliona ni wa kweli, na upande huo alikuwepo dada yangu akiwa amesuka nywele. Nilikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejishinda kwa kalamu yangu mwenyewe.

Karani alikuwa uani akikwaruza. Nikamtazama miguu. Ndipo nikapata jibu, na mpaka leo naliona kama jibu zuri kuliko yote niliyowahi kupata, ingawa nimeishi nikapata mengine.

Baada ya chakula baba akasoma karatasi ya pili. Firigisi, akaitikia kwa kichwa. Mapaja, akaitikia. Alipofika kwenye vifaranga vyenye suruali mama akaficha uso kwenye kanga. Alipofika upande wa pili akapunguza mwendo, na sauti yake ikabadilika kidogo, kama mtu aliyekutana na jina lake kwenye barua ya wengine. Halafu akasoma jibu: kwamba kijogoo kilichokomaa cha Mama Shiundu ni mtoto wa Karani, na mtoto ni wa kwa baba yake, kwa hiyo ni jogoo wa boma letu, kwa hiyo wageni wapewe huyo.

Baba alipaliwa. Ayuma akampiga mgongoni, mama akamletea maji, na kwa muda katibu wa kamati tatu hakuweza kutamka neno.

"Mama," alisema hatimaye akifuta macho, "hoja yako imesimama. Imesimama kabisa. Lakini nikuulize. Ulimlipia mahari kuku wa Mama Shiundu?"

"La."

"Mtoto ambaye mama yake hajalipiwa mahari ni wa kwa nani?"

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua. "Wa kwa mjomba wake."

"Basi." Akanirudishia karatasi, lakini nikaona ameikunja kwa uangalifu, jinsi alivyokunja zile za watu wazima. "Huo mgongo uko na kipande kimebaki."

Asubuhi nilichukua mahindi niliyookota shambani baada ya mavuno, yale yanayoachiwa watoto, yakajaza gorogoro, lile kopo la kupimia, na kubaki. Nikapitia njia ya mbele safari hii, nikabisha hodi.

"Mama Shiundu, nimekuja kuposa."

"Kumposa nani, mwanangu?"

"Yule kuku wako mwekundu, mama wa vifaranga. Kwa niaba ya Karani."

Mama Shiundu alivuta kigoda, akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, lakini alikunja mikono tumboni kama mzee wa ukoo.

"Leo ndiyo anakumbuka adabu? Wakati watoto wamejaa hapa?"

"Ndiyo tumekuja kurekebisha."

"Mmekuja na nini?"

Nikaweka gorogoro chini. Akaipima kwa macho, akasema msichana wake ni wa kutaga mayai makubwa, si wa gorogoro isiyofurika. Nikaongeza yaliyobaki. Akasema bado. Nikamwambia sisi si watu wa kukimbia, tunakaa hapa hapa, mengine tutaleta. Akawaza. "Na umwambie mama yako anirudishie ungo wangu," akasema, na mambo yakaisha. Nilirudi na kijogoo kwapani, na sikujisikia vibaya kumhusu kama ilivyonipasa. Sikuwa nimemlea. Watoto wana huruma nyingi lakini hawaisambazi. Jioni nikaandika karatasi ya tatu, yenye kile kipande kilichokuwa kimebaki, na baba akaikubali.

Jumamosi wageni wakafika. Mzee wao alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu, amekuja na wazee wawili pamoja na kijana wa Ayuma, ambaye alikaa akitazama viatu vyake. Sala ikasaliwa, mikono ikanawishwa, bakuli likawekwa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika. Mzee akachukua kijiko, akakoroga mara moja, akaiinua firigisi, akaitazama, akairudisha taratibu akiitunza ya mwisho. Chumba kizima kikapumua.

Karani akawika. Alikuwa chini ya dirisha, na aliwika kama anayepiga kengele ya kanisa.

Kijiko kikasimama.

"Huyo ni wa jirani?" mzee akauliza.

Baba hakuwa mtu wa kudanganya mezani. "Ni wetu."

"Ni sauti ya jogoo mkubwa."

"Ni mkubwa."

"Na huyu tuko naye hapa kwa bakuli?"

"Huyo ni mtoto wake."

Mzee akaweka kijiko chini. Hakukigonga, alikiweka tu, lakini nyuma yangu nilisikia Ayuma, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni, akishika fremu. Nilitamani kugeuka na sikuthubutu. Siku yake ilikuwa inaharibika, na ni mimi niliyeiandika hivyo.

"Mzee," baba akasema, "hapa kwetu lalamiko linajibiwa kwa maandishi. Mama, leta karatasi."

Mgeni alianza kuinuka kidogo kwa heshima, akitazama mlango, akitarajia bibi kizee. Nikaingia mimi, miguu mitupu, na birika bado mkononi. Akarudi kukaa polepole.

"Huyu ndiye mama yako?"

"Ndiye huyo."

"Haya, mama yetu. Tusomee."

Nikasoma.

"Karani asichinjwe Jumamosi. Sababu ya kwanza, anatuamsha, na ushahidi ni kwamba muhula huu sijachapwa kwa kuchelewa. Sababu ya pili, ndiye jogoo mkubwa pekee mpaka mtoni, na ushahidi ni miguu ya vifaranga wa Mama Shiundu, ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kuiona. Upande wa pili unasema wageni wa heshima hupewa jogoo wa boma, si kuku jike na si wa sokoni. Hiyo ni kweli, na mimi nawaheshimu kwa sababu wamempenda Ayuma. Lakini mtoto wa Karani pia ni wa boma hili, kwa sababu mtoto ni wa kwa baba yake. Mtu akisema mtoto si wa kwa baba mpaka mahari ilipwe, hiyo pia ni kweli, na nimelipa. Mahari ni kwanza, halafu watoto. Kwa hivyo wageni wapewe mwana, na baba abaki."

Mmoja wa wazee wengine akakohoa. Kijana wa Ayuma aliacha kutazama viatu akaanza kutazama dari.

"Rudia pale pa mahari," mzee akasema.

"Mtu akisema mtoto si wa kwa baba mpaka mahari ilipwe, hiyo pia ni kweli, na nimelipa. Mahari ni kwanza, halafu watoto."

Mzee akawageukia wenzake. Mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika. "Mmesikia? Na sisi tumetoka Lugari mpaka hapa kuja kuomba msichana atangulie, ng'ombe wafuate mahindi yakiuzwa."

"Mimi sijasema neno," baba akasema.

"Umesema kwa mtoto."

"Mzee wangu, mtoto ameandika juu ya kuku."

"Hata mimi nimesikia ni juu ya kuku," mzee akasema, na hapo chumba kikaanguka kwa kicheko. Wazee wake walicheka, baba akacheka, mama akacheka jikoni na sufuria ikaanguka. Kilichonifikia zaidi ni kicheko cha Ayuma nyuma yangu, kile anachokizuia mpaka kinamshinda.

Mzee akafuta macho kwa kofia yake. Akachukua kijiko, akalikoroga bakuli mpaka akaipata firigisi, akaninyooshea.

"Mwenye bakuli ni huyu," akasema. "Chukua."

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa amefika mlangoni na nilimwona akifungua mdomo. Nikamtazama baba. Baba alikuwa ameshika kalamu yake mfukoni, jinsi alivyofanya kamati zikifika pagumu.

"Mgeni akipewa bakuli limekuwa lake," alisema. "Anagawa anavyotaka."

Nikala, nimesimama, mbele ya wazee. Nilikuwa nimedhani firigisi ni kitu laini kuliko vyote, maana kwa nini wangetunyima? Ilikuwa ngumu. Iliruka mdomoni kama kifutio cha penseli. Nilitafuna wakati mazungumzo yakirudi kwenye ng'ombe, nikatafuna wakati chai ikiandaliwa, na nilikuwa bado natafuna walipoinuka kuaga.

Niliacha shule miaka michache baadaye, kwa mambo ambayo si ya leo, na tangu hapo nimeishi pengi: nimepika Butali wakati wa msimu wa miwa, nimeuza nguo Amalemba, nimelala nyumba ambazo sikukaa hata mwaka. Kila mahali nimeandika. Nimewaandikia wenye nyumba, wenye kazi, na mara moja chifu, nikitia firigisi, mapaja, mifupa, mgongo na mkia, na wengi wamesoma mpaka mwisho wakasema hapana. Ilinichukua muda kuacha ile imani ya kitandani kwamba bakuli likitimia mgeni lazima ale. Anaweza kukoroga, akaona kila kitu kipo, akasukuma kando. Hata hivyo sijawahi kurudi kwenye mchuzi mtupu. Salim naye ameandika upya, safari hii na upande wa mwenye hoteli ndani yake, na alipouandika akagundua kwamba hajawahi hata mara moja kukaanga kuku bila kumbabua. Sasa anajifunza kwanza. Bado hajajibiwa.

Lakini sikumaliza ya Jumamosi ile. Tuliwasindikiza wageni mpaka langoni. Ayuma alitembea nyuma na kijana wake, na katikati yao palikuwa na nafasi ya heshima iliyozidi kupungua. Karani alikuwa uani, kwenye udongo uliofagiliwa kwa ajili ya wageni. Mzee wa Lugari alisimama, akamtazama kutoka kilemba mpaka suruali.

"Kwa hivyo ndiye huyu."

"Ndiye," nikasema, mdomo bado umejaa.

"Ni mkubwa kweli." Akamzunguka. "Sasa sikiliza, mama yetu. Sisi tunaenda kutafuta ng'ombe. Siku tutawaleta tutakuwa watu wengi, na huyo mtoto wake ameisha. Mwambie huyu aanze kuandika."

Akavaa kofia, akatoka na watu wake wakicheka njia nzima. Nikamgeukia Karani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza udongo laini wa Ayuma, mstari mmoja, halafu mwingine chini yake. Nikasogea kuangalia. Mwandiko wake haukusomeka.

Nikaingia ndani kutafuta kalamu.